Kidole cha Baba Yako

Jelagat mwanangu,

Najua shavu bado linawaka. Nilikupiga kwa mkono mzima, mbele ya shangazi zako na watu wa kanisa waliokuja kukuombea safari, na sahani ya wali ikakutoka mapajani ikamwagika kwenye zulia. Hukulia. Uliinama ukaokota wali ule kidogo kidogo, ukaurudisha sahanini, ukatoka nje. Sasa uko mjini unaagana na wenzako, na mimi nimekaa sebuleni na kalamu, na zulia linanuka mchuzi. Kesho unapanda gari la Lodwar kwenda kufundisha, na sitaki uende kofi likiwa ndilo neno langu la mwisho kwako.

Mambo ya mabegi, maji ya kunywa na nani akukodishie nyumba sitayagusa. Una akili na una simu. Nataka kukueleza kwa nini nilikupiga, kwa sababu unafikiri ni kwa ajili ya kura.

Shangazi yako alikuuliza kwa uchokozi tu kama mwakani utarudi Kapsoya kupiga kura au utahamisha jina lako huko uendako. Ukasema hutapiga popote. Hapo sikuwa nimekasirika sana. Nilianza ile hotuba yangu unayoijua, kwamba mtu asiyepiga kura asilalamike mbolea ikipanda bei, asilalamike barabara ikioza, kwamba kura ni wajibu wa mtu mzima. Wewe ukanisikiliza mpaka mwisho, halafu ukasema kwa sauti ya chini, "Mama, mimi siwezi kutia kidole changu kwa ile wino. Siwezi tu."

Ni hilo neno, kidole. Baba yako alikuwa ameketi mkabala nawe, mkono wa kushoto mfukoni kama siku zote, na nikamwona anautoa taratibu na kuuweka juu ya goti. Nilikupiga kabla sijajua kwamba nimeinuka.

Umekua ukiambiwa kwamba baba yako alikatwa kidole na mashine ya kupukuchua mahindi kule Moiben. Ni uongo. Mashine haikumgusa. Uongo huo tuliutunga sisi wawili, tukaulea pamoja na wewe, na leo nautoa.

Nitakuwa nikisema "watu wetu" na "wale wengine". Unajua ni kina nani na kina nani, sina haja ya kuandika makabila ya watu hapa. Jua tu kwamba upande ule nao walisema "watu wetu", na walipotaja "wale wengine" walikuwa wanatusema sisi.

Ulikuwa na miaka minne. Mwaka huo mimi niliipenda kura kuliko nilivyopenda chakula. Niliimba kwenye mikutano mpaka sauti ikakauka. Nilivaa fulana ya mgombea wetu nikilala nayo. Baba yako wakati huo alikuwa dereva wa lori la mahindi, akibeba magunia kutoka Moiben na Ainabkoi kuleta mjini, na alikuwa akibebea watu wote, wetu na wale wengine. Siku moja alipita karibu na uwanja ambapo mgombea wetu alikuwa akihutubia. Alizima lori akasikiliza. Aliporudi nyumbani hakula. Aliniambia kwamba yule mtu alikuwa anasema juu ya majirani zetu vile mtu anavyosema juu ya magugu shambani, na watu walikuwa wanapiga makofi. Akasema hatampa kura yake. Nikamuuliza, basi utampa yule mwingine? Akasema yule mwingine naye amemsikia redioni, ni wale wale. Akasema atakaa nyumbani.

Nilimcheka kwanza. Halafu nikamtukana. Nilimwambia mwanamume anayekaa nyumbani siku ya kura ni mzigo tu kwenye kiti. Nilimwambia mengine ambayo sitaki uyasome.

Siku yenyewe nilitoka alfajiri, na nilikwenda na Mama Ndizi. Humkumbuki. Alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akiuza ndizi kwenye kona, wa wale wengine. Tulijua vizuri kwamba kura zetu zinakwenda kugongana, na tulikuwa tunataniana tangu nyumbani hadi shuleni kwenye kituo. Foleni ilikuwa ndefu, jua likatupiga, akanishikia nafasi nikaenda haja, nikamshikia yeye. Tulipotoka tuliinua vidole vyetu vidogo vyenye wino tukavigonganisha, tukacheka. Nilikuwa na furaha kweli siku hiyo. Nataka ujue hilo pia, kwamba kura ina furaha yake, na sijaisahau.

Halafu matokeo yakakawia, yakaja, na mchana ule ule nikaona moshi.

Sitakupambia hadithi. Vijana wetu walitoka na mapanga, rungu na mishale. Waliingia nyumba hadi nyumba. Nilimwona mzee mmoja fundi viatu akipigwa mawe na watoto aliokuwa akiwashonea viatu vya shule, alijifunika kichwa kwa mikono hadi mikono ikakataa, na wakaendelea hata alipoacha kusogea. Nyumba ya Mama Ndizi walimwagia petroli. Yeye alikuwa ameshakimbia kupitia nyuma. Mabati yalikuwa yanalia yakijikunja, ukuta wetu ukapata joto hadi huwezi kuushika, na baba yako alikuwa anaumwagia maji ndoo baada ya ndoo huku mimi nimesimama tu uani. Usiku mmoja nilimsikia mtu akilia mbali kule kwenye mahindi yaliyobaki shambani, akiita mamake, akaita, akaita, halafu akanyamaza. Hakuna aliyekwenda. Nami sikwenda.

Sasa sikiliza jambo hili. Siku ya kura hakuna aliyekuja kwetu kumlazimisha baba yako. Lakini vita havikuwa na hiari. Vijana wetu walipita kila lango wakasema kila boma litoe kijana, na lisilo na kijana litoe chakula. Sisi hatukuwa na kijana. Nikatoa mursik, maziwa yetu ya mgando, kibuyu kizima, nikakipeleka mwenyewe kwenye kizuizi walichoweka barabarani, nikawamiminia kwa vikombe. Mikono yao ilikuwa na masizi ya nyumba ya Mama Ndizi. Nilijua. Nikamimina. Mmoja akanishukuru kwa adabu sana, "Asante mama," na nikaona fahari, Jelagat. Niliona fahari.

Baba yako alikataa kwenda hata kuwaona. Na hapo ndipo walipoanza kuangalia vidole. Kwenye kizuizi, ukipita, wanatazama kitambulisho, halafu wanatazama kidole kidogo cha kushoto. Mtu wetu asiye na wino walimwita msaliti, aliyekaa nyumbani akaacha kura iibwe. Mwalimu mmoja wa watu wetu walimvunja miguu kwa rungu kwa sababu kidole chake kilikuwa safi.

Na wewe hukuwa nyumbani. Ulikuwa Ainabkoi kwa kogo, mama yake baba yako, ulikokwenda kwa sikukuu. Habari ikaja kwamba kule nako wale wengine wamejikusanya kulipiza, wanachoma maghala. Baba yako akasema anakufuata. Lori lisingepita, barabara ilikuwa imejaa magogo na mawe, kwa hiyo akachukua baiskeli. Nikamwambia hawezi kupita kwa vijana wetu na kidole kile. Akasema atawaambia ukweli, kwamba hakupiga kura, wamfanye watakavyo. Nikamwambia watamfanya hivyo hivyo, halafu nani atamchukua mtoto?

Unaikumbuka ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda? Kila nyumba ilikuwa na chupa. Tuliinunua kwa ajili yako, ulipokuwa na vidonda mdomoni. Niliitoa kabatini, nikamshika mkono kwa nguvu, nikampaka kidole kidogo, ukucha na ngozi, nikapuliza kikakauka. Ilifanana kabisa. Alikuwa akinitazama wakati wote. Akasema, "Umenipigisha kura hatimaye." Hakusema kwa utani.

Nisikufiche. Nilifanya ili asivunjwe miguu, hiyo ni kweli. Lakini siku nyingi kabla ya hapo, wanawake kwenye mfereji waliponiuliza kama mzee wangu amepiga, nilikuwa nimeshawaza kuhusu ile chupa. Niliona aibu juu ya kidole cha mume wangu. Hofu ilipokuja, ilikuta aibu imeshatayarisha kazi.

Kwa vijana wetu alipita bila shida. Walimpiga bega, wakamwita mzee wa kazi. Alikuchukua kwa kogo, akakufunga mgongoni kwa leso ya kogo, akageuza baiskeli. Kwenye njia ya kurudi, mahali ambapo asubuhi hapakuwa na kitu, akakuta kizuizi kipya. Cha wale wengine.

Haya aliniambia yeye mwenyewe, mara moja tu, na hajayarudia. Walimwangusha kutoka kwenye baiskeli. Walimpiga kwa ubapa wa panga shingoni, wakampiga teke la mbavu, naye anageuka geuka ili mapigo yasikufikie wewe mgongoni. Wakasoma jina kwenye kitambulisho. Halafu mmoja akasema, "Leta hiyo mkono."

Wakaona zambarau.

"Hii kidole ndio ilituibia," yule mtu akasema. "Ndio ilichoma nyumba yangu."

Baba yako akasema hakupiga kura. Wakacheka. Akasema ni dawa, ni mke wake alimpaka, wakacheka zaidi, na mmoja akamuuliza kama mke wake pia ndiye aliyempaka jina kwenye kitambulisho. Alikuwa na ukweli wa kuwaambia, ukweli aliouchagua mwenyewe na kutukanwa kwa ajili yake ndani ya nyumba yake, na hakuna aliyeweza kuuona kwa sababu yangu. Labda wangemkata hata kingekuwa safi. Labda wangemuua. Nimejiambia hivyo miaka yote hii na hainisaidii kitu.

Walilaza mkono wake juu ya gogo. Mtu mmoja akakanyaga kifundo. Pigo la kwanza halikumaliza kazi, wakapiga la pili.

Walikuwa wanajadili kama wamkate na shingo wakati mwanamke alipotoka kwenye kundi la watu waliokaa kando ya barabara na mizigo yao. Alikuwa Mama Ndizi. Alikutambua wewe kwanza, mgongoni. Akasimama kati yao na baba yako aliyelala chini, akawaambia huyo mtoto amekula ndizi zake tangu hajaota meno, na kwamba atakayemgusa huyo mwanamume aanze na yeye. Walimsukuma, akarudi. Walimsukuma tena akaanguka, akainuka na mchanga usoni akarudi. Mwishowe wakachoka naye. Alipasua leso yake mwenyewe akamfunga baba yako ule mkono, akakaza fundo kwa meno.

Halafu akamwinamia sikioni akamwambia, "Mwambie bibi yako ile maziwa yake tuliiona."

Hayo tu. Alikuwa amejificha kwenye majani nyuma ya nyumba yake iliyoungua, na aliniona nikibeba kibuyu. Akamwokoa mume wangu na mtoto wangu akiwa anajua. Sijamwona tena tangu siku ile. Nimeuliza kwa watu wa sokoni, nimeuliza hadi nikachoka, wengine wanasema alihamia upande wa Nakuru, wengine wanasema alikufa kambini kwa kuhara. Kama yuko hai sijui ningemwambia nini. Namwogopa na namkosa.

Baba yako alifika nyumbani giza likiingia, wewe ukiwa umelala fofofo mgongoni, au ndivyo tulivyoamini. Leso uliyofungwa nayo ilikuwa imelowa damu upande mmoja. Nilikuvua nikakuosha. Ulikaa siku nyingi bila kusema. Tukasema ni mshtuko wa moshi. Baadaye, kila uchaguzi, nilipotoka kupiga kura na kurudi na kidole chenye wino, ulikuwa hutaki nikushike. Ukiwa mkubwa kidogo ulikuwa unaniambia nikanawe, nakuambia haitoki kwa maji, unakimbilia chumbani. Nikadhani ni vituko vya watoto. Sasa umeniambia mbele ya watu kwamba huwezi kutia kidole pale, na ndiyo maana nilikupiga. Niliogopa kwamba unakumbuka.

Kama unakumbuka, nisamehe. Kama hukumbuki, basi nisamehe kwa kukuambia.

Usiku ule, kabla hata damu haijasimama, nilitaka kutoka nje kupiga kelele. Nilitaka vijana wetu waje waone. Baba yako akanishika nguo kwa ule mkono mzima. Akasema, "Ukitoka kusema, kesho kuna watu watachinjwa kwa sababu ya kidole changu. Sema ni mashine." Nikamwambia wanastahili. Nilisema hivyo kwa kinywa hiki kinachokuimbia kanisani. Akasema, "Sikupiga kura yao. Na hii pia sipigi." Asubuhi vijana walipokuja kuuliza, nikawaambia ni mashine.

Basi huyo ndiye mwanamume niliyemwita mzigo kwenye kiti.

Utadhani baada ya hapo niliacha kura. Sikuacha. Nimepiga kila mara, na sasa ninapiga bila fulana na bila nyimbo, nasoma majina kwa miwani, na nimewahi kumpa kura mtu wa wale wengine kwa sababu alijenga zahanati. Baba yako hajapiga hata mara moja. Tumegombana juu ya hilo hadi majirani wakabisha mlango. Mimi namwambia watu kama yeye wakikaa nyumbani, uwanja unabaki na watu kama nilivyokuwa mimi. Yeye ananiambia wale waliochoma walikuwa wamepiga kura wote. Siku ya kura ananisindikiza hadi langoni mwa shule, ananishikia mkoba, anaketi kwenye jiwe lile lile nje, na nikitoka ananirudishia mkoba wangu tunakwenda kunywa chai.

Ninachojua ni kidogo. Sisi tuna mahali pamoja tu ambapo mtu anaweza kusema ndiyo au hapana au akae kimya, na asipigwe. Ni pale kwenye sanduku la kura. Kwingine kote, kwenye mfereji, langoni, barabarani, nimeona watu wakilazimishwa. Mimi niliingia kwenye hiari ya mume wangu na chupa ya dawa, halafu leo nikaingia kwenye yako na kofi, na shangazi zako wakitazama. Mara zote mbili nilijiona niko upande wa haki.

Kwa hiyo sikwambii upige wala usipige. Ukipiga, isiwe kwa sababu ya shavu lako. Ukikaa nyumbani, isiwe kwa sababu ya kidole cha baba yako. Huko Lodwar watakuwako watu watakaokuuliza, na walimu wenzako, na mama mwenye nyumba, na watataka kuona mkono wako. Uwaonyeshe ulivyo. Na mtu akikujia na rangi kwa wema, hasa akija kwa wema, uvute mkono wako, hata kama mtu huyo ni mimi.

Baba yako ameingia kutoka kwa ng'ombe. Aliuliza naandika nini, nikamsomea yote, hata yale ya kibuyu, ambayo hatukuwahi kuyasema tena tangu siku ile. Alisikiliza amesimama, kofia mkononi. Nilidhani atakasirika kwamba nimeutoa ule uongo. Halafu akasema, "Mwambie mkono ni wake." Nikamuuliza kama kuna jingine la kuongeza, akasema hakuna.

Akatoka kwenda kukoka moto wa maji yako ya kuoga. Alipofika mlangoni akageuka akasema kwamba kesho kwenye stendi hatakuaga kwa mkono wa kulia. Unajua kwetu hatumpi mtu wa kushoto, na unajua ule wa kushoto hajamnyooshea mtu yeyote miaka yote hii. Usishtuke, na usitazame chini.

Ushike.

Mama yako